Marehemu Aliyeendelea Kuchora

Vijana wa ofisini waliniaga kwa keki, soda na kitenge, kisha wakaniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Nadhani waliniomba kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Bahati mbaya kwao, sasa hivi nina nafasi. Kuku wangu wananihitaji asubuhi, mchana hawanitaki. Kwa hiyo nitaandika.

Habari za vyeo na mishahara nitaziacha, kwa sababu hazimfundishi mtu chochote isipokuwa hasira. Nitaandika habari za kuchora, na hasa za lile faili ambalo nyinyi mnalifungua kila siku bila kulitazama: templeti.

Mimi naitwa Minza. Nimekuwa mchoraji wa ramani za majengo maisha yangu yote ya kazi, na kazi yote nimeifanyia Bariadi, tangu ilipokuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga mpaka ikawa makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Nimewahi kuhamishwa mkoa bila kuhama meza.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Masunga, mchoraji mkuu. Mchoraji mkuu wakati huo maana yake ni kwamba wachoraji walikuwa wawili, na mwingine ni mimi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akauangalia.

"Unatoka jasho?"

"Kidogo, Mzee."

Akafungua droo, akanipa kopo la poda ya watoto. Tulikuwa tunachora kwa wino juu ya karatasi angavu tuliyoiita tresi, na tresi ikishika jasho inakataa wino. Basi ofisi ya ujenzi ilinukia poda mwaka mzima. Wageni wakiingia walikuwa wakitafuta mtoto kwa macho, wasimwone, wakasalimia hivyo hivyo.

Ukikosea kwenye tresi, hukuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Ulikuwa na wembe. Unakwangua wino taratibu mpaka mstari uondoke na karatasi ibaki. Mwaka wangu wa kwanza nilikwangua kuliko nilivyochora. Mzee alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama, anasikiliza mlio wa wembe. Alisema angeweza kujua kwa mlio tu kama nimekosea ukuta au nimekosea mlango.

Yeye alikuwa na kiolezo cha plastiki cha kijani, kimevunjika kona, kikiwa na matundu ya kila umbo: duara, sinki, nusu duara ya mlango, na umbo la choo. Alikiweka kwenye mfuko wa shati na hakumwazima mtu. Ukitaka kuchora choo, ulikwenda kwenye meza yake na tresi yako, ukachora pale pale, ukarudi. Vyoo vyote vya serikali vya wilaya ile vilipitia kwenye tundu moja. Niliwahi kuchora nyumba ya mwalimu mkuu ambayo mlango wa choo ulifunguka mpaka ukagonga bakuli. Mzee aliiangalia kwa muda mrefu.

"Mwalimu ataingilia dirishani?" akauliza.

Nikachukua wembe.

Kitu kingine cha kujua kuhusu Mzee Masunga ni kwamba aliogopa kupanda juu. Hakuwahi kukanyaga ngazi. Tukienda kukagua jengo, yeye alizunguka chini, mimi nikatumwa kwenye kenchi. Akiulizwa kuhusu paa, alijibu kwamba paa ni kazi ya vijana na ndege. Lakini msingi alikuwa akiuingia mwenyewe, anavua viatu, anashuka kwenye mtaro, anapapasa udongo kama mtu anayenunua mtama.

Safari yangu ya kwanza ya kazini alinipeleka mbugani, upande wa Itilima. Kwa ambao mmeletwa na ajira kutoka mbali: mbuga hapa kwetu si mahali pa simba. Ni udongo mweusi, mzito, unaopendwa na pamba na kuchukiwa na nyumba. Kiangazi unapasuka. Mzee alichukua fimbo yake ya kuchungia, aliyotembea nayo hata kazini, akaichomeka kwenye ufa wa ardhi, ikaingia mpaka karibu na mkono.

"Masika hapa patafumba," akasema. "Patavimba. Pakivimba, panabeba kila kilichokaa juu yake, upande mmoja kabla ya mwingine. Sasa jenga hapa kama unajenga Mwanza."

Mwanza nyumba inakaa juu ya mwamba. Unakwangua udongo kidogo, unamwaga zege, umemaliza. Mbugani unachimba mpaka uupite udongo mweusi wote, ukute ule mgumu wa chini, ujaze moramu, ile changarawe nyekundu, na kuishindilia, uweke zege pana lenye nondo, na juu yake mkanda mwingine wa zege unaozunguka jengo zima. Mzee alikuwa na mchoro wa msingi huo alioutengeneza kwa miaka, kila jengo likipasuka anaurekebisha. Nyumba yake mwenyewe kule Lagangabilili aliichimbia msingi mpaka majirani wakaanza kuleta ndoo, wakidhani ni kisima.

Kisha kompyuta ikaja. Ilikuja kwenye boksi, ikakaa kwenye boksi msimu mzima wa pamba, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiharibu. Mwisho alitumwa kijana kutoka Mwanza atufundishe programu ya kuchorea. Watu walitegemea Mzee Masunga ataniachia mimi mashine, maana alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Yeye akavuta kiti, akakaa mbele, akaishika mausi kama mtu aliyeshika kifaranga cha jirani.

"Karatasi iko wapi?" akauliza.

"Hakuna karatasi, Mzee," kijana akamjibu kwa furaha. "Humu nafasi haina mwisho. Unaweza kuchora mji mzima."

"Isiyo na mwisho sina kazi nayo. Nataka yenye pembe nne."

Ndipo kijana akamwonyesha templeti. Ni faili unalolianzia kazi, ambalo lina karatasi yako tayari, fremu, mshale wa kaskazini, unene wa mistari, na kile kisanduku cha kona ya chini kulia chenye jina la mradi, tarehe na jina la mchoraji. Halafu zile leya: kuta kwenye leya yake, milango kwenye yake, paa kwenye yake, unaziwasha na kuzizima. Hapo Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Sisi tulikuwa tumeshazoea kupanga tresi juu ya tresi, ukuta chini, umeme juu, tukazishika kwenye mwanga wa dirisha. Leya zilikuwa tresi zisizonukia poda.

Alitengeneza templeti yetu mwenyewe, kwa muda mrefu, akichapa kwa kidole kimoja. Umeme ulipokatika alingoja akiwa amekaa vile vile mbele ya kioo cheusi, mikono magotini. Aliweka kila kitu alichokijua. Aliweka hata kile choo cha kiolezo, akakipima kwa rula kutoka kwenye plastiki ili kiwe kile kile. Na kwenye leya ya msingi aliweka msingi wake wa mbuga, tayari, ili mtu akianza jengo lolote aukute unamngoja.

"Ukianza na karatasi tupu, utaanza na makosa yako mwenyewe," aliniambia. "Anza na ya wenzako. Yameshatuumiza, yamekwisha."

Kwenye kisanduku cha kona, palipoandikwa *Imechorwa na*, akaandika M. Masunga. Lilikuwa jambo la kawaida. Aliyekuwa akichora kwa kompyuta ni yeye. Mimi nilipohamia kwenye mashine, kila nikianza mchoro nilifuta jina lake, nikaandika langu, na kwenye templeti yenyewe likabaki lake. Alikuwa hai, amekaa pembeni, anakunywa chai, na hakuna aliyeona ubaya.

Mzee Masunga alifariki kabla hajastaafu. Aliugua kidogo, kwa utaratibu, kama alivyofanya mambo yake yote. Tulimzika Lagangabilili, nyuma ya nyumba ile ya msingi mrefu. Waliochimba kaburi walilalamika kwamba udongo ni mgumu, mkewe akawaambia wasimpunje, yeye hakuwahi kupunja kina. Nililia siku ile na nimelia nyingine ambazo sikuziandika popote.

Tuliporudi kazini nilifungua templeti nianze nyumba ya muuguzi. Jina lilikuwa pale kwenye kona. Nikalichagua, likawaka. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kufuta. Nikaliangalia. Matanga yalikuwa hata hayajaanuliwa. Nikaliacha, nikachora nyumba ya muuguzi, ikatoka ikiwa imechorwa na M. Masunga.

Matanga yalianuliwa, vichwa vikanyolewa, fimbo yake ikapewa mwanawe mkubwa. Lakini hakuna kikao cha ukoo kilichowahi kuzungumzia templeti. Ikawa imepita wiki, ikapita masika, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi mtu kujitokeza kuwa ndiye aliyemfuta mzee. Akaja Kulwa, kijana wa Binza kule Maswa, mwepesi wa mkono na mwenye akili, nikampa meza ya marehemu. Yeye hakumjua Masunga. Alidhani ni jina la mtindo wa ofisi, kama vile rangi ya geti. Basi akawa anachora, na Masunga anasaini. Marehemu alichora shule, nyumba za walimu na ofisi za kata. Kwa kweli alichora haraka kuliko alipokuwa hai.

Akaja pia mhandisi mpya, mtu mzuri, mwenye vikao vingi. Kila ramani iliyofika mezani kwake ilikuwa na jina hilo, naye akaamini kwamba Masunga ni mtumishi mwenye bidii asiyependa vikao. Alimheshimu kwa hilo. Siku moja aliniuliza akiwa anatoka mlangoni na simu sikioni.

"Huyu Masunga siku hizi yuko wapi?"

"Lagangabilili," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

"Aah, Itilima. Kazi nyingi kule. Msalimie."

Sasa nifike kwenye jengo lenyewe. Ni wodi ya wazazi kwenye kijiji kimoja cha mbugani. Sitakitaja, maana watu wake wameshapokea wageni wa kutosha. Wajawazito wa pale walikuwa wakipakiwa kwenye bodaboda wakati wa uchungu, na masika bodaboda zikikwama wengine walijifungulia njiani, kwenye majani, mvua inanyesha. Wanawake wa kijiji wakasema inatosha. Walisomba mchanga kwa vichwa, wakasomba maji, wakagonga kokoto kwa nyundo wakiwa wamekaa na watoto mgongoni. Ilikuwa wodi yao kabla haijawa ya serikali.

Ramani aliichora Kulwa. Alifungua templeti, akaukuta msingi wa Mzee umejaa mistari, nondo, moramu, maelezo pembeni, akauona mchafu. Rafiki yake wa Mwanza alikuwa amempa kwenye flashi templeti ya huko, yenye msingi mfupi, msafi, unaopendeza macho. Akaufuta wa Mzee, akabandika wa Mwanza. Jina la kona hakuligusa. Ramani ikatoka, ikabandikwa na kwenye bango la mradi pale kijijini: Mchoraji, M. Masunga.

Masika ya kwanza mbuga ikavimba. Ukuta ukafunguka kutoka kona ya dirisha mpaka kwenye linta, ufa ambao mkono ungeingia ukiwa umelala. Jengo lilikuwa limeezekwa, bado halijafunguliwa, na hakuna aliyeumia. Likafungwa kwa kufuli. Wanawake wakarudi kwenye bodaboda.

Kikaitishwa kikao kijijini. Tulikwenda kwa gari la ofisi, mhandisi mbele na dereva, mimi na Kulwa nyuma, yeye akiwa amepakata bomba la ramani.

"Masunga tutamkuta huko huko?" mhandisi akauliza.

Nikaona sasa hakuna mlango wa kutokea. "Mhandisi, Masunga ni marehemu."

Akageuka. "Pole sana, mama. Lini?"

"Kabla hujahamia."

Akageukia barabara tena. Tukapita mashamba ya pamba, tukapita ng'ombe waliotaka barabara iwe yao. Kisha akauliza polepole:

"Na ramani hii aliichora lini?"

"Baada ya hapo."

Dereva akakohoa. Tulipovuka mto mhandisi akaanza kufikiri kwa sauti, kama mtu mwenye kikao mbele yake anavyofikiri. Alisema jambo hili linaweza kuwa jepesi. Kosa ni la mchoraji. Mchoraji ni marehemu. Hakuna wa kuadhibiwa. Itaandikwa hivyo. Na kwa usalama, kila alichokiacha marehemu kwenye templeti kitafutwa, hasa huo msingi wake, ili kosa lisijirudie.

Kitu pekee kilichokuwa kinazuia majengo ya mbugani yasipasuke ndicho kilichokuwa kinakwenda kufutwa, na kufutwa kwenyewe kungeandikwa kwa jina la mtu aliyekitengeneza. Nilimwangalia Kulwa, maana ramani nilikuwa nimeifungua kabla ya safari, nikauona msingi wa Mwanza. Alikuwa anaangalia nje. Nilijiambia: huyu ana mama yake Binza anayemtegemea, nampa nafasi aseme mwenyewe. Asiposema mpaka kikao kinafungwa, nasema mimi, na Mungu atanisamehe kumnyang'anya mwenzangu mkate.

Pale kwenye jengo tuliwakuta wanakijiji wamekaa kwenye kivuli cha ukuta ule ule uliopasuka, jambo ambalo mhandisi aliwaomba waliache. Aliyewaongoza alikuwa Mama Holo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada. Mtendaji wa kijiji, naye mgeni kama mhandisi, akasimama akasema wahusika wote wamefika isipokuwa mchoraji, ila alimpigia simu nyumbani kwake na mkewe akajibu kwamba nyumba yao itafika.

Kabla sijameza mate, bodaboda ikasimama. Akashuka mke wa Mzee Masunga, Mayu Nkamba, amevaa kitenge cha kanisani, na mkoba mkononi.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, mayu," tukaitikia sote, hata mhandisi, ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu hiyo na neno mama.

Hakukaa. Alikwenda kwenye ufa, akaupapasa kutoka chini mpaka alipofika mkono wake, akarudi akasimama mbele yetu.

"Nimepigiwa simu kwamba mume wangu anaitwa," akasema. "Yeye hawezi kuja. Kwetu mtu akikosa na hayupo, nyumba yake inajibu. Sikujua kwamba alichora hii. Alikuwa akinieleza kila jengo, hii hakunieleza. Lakini jina lake nimelisoma pale kwenye bango. Kama ni kosa lake, naomba radhi. Nina mtamba mmoja mwekundu, hajazaa bado. Nimekuja kusema kwamba huyo ni wenu."

Wanawake wa kijiji waliangalia chini. Kwa watu wa ng'ombe, mtamba si mnyama tu. Ni maziwa ya miaka inayokuja, na mjane hana mitamba ya kugawa. Mhandisi alikuwa na karatasi yake mkononi, yenye lile jambo jepesi, na niliona anaikunja taratibu. Nilikuwa nimeshaweka mikono magotini ili ninyanyuke.

Kulwa alisimama kabla yangu. Bomba la ramani lilianguka, likabingirika mpaka miguuni kwa Mayu Nkamba.

"Mayu, mtamba wako abaki zizini," akasema. "Nimechora mimi. Mzee alituachia msingi wa mbuga. Nilikuta upo, nikaufuta, nikaweka wa Mwanza kwa sababu ulikuwa unaonekana msafi."

Mayu Nkamba akamtazama. "Na jina la mume wangu kwa nini umeliandika?"

"Sikuliandika. Nililikuta."

"Ukaliacha."

"Nikaliacha, mayu."

"Kumbe hakukosea."

"Hakukosea."

"Nilijua," akasema, akatafuta mahali pa kukaa. "Ila nimekuja kwa sababu nimeitwa."

Mimi nilikuwa nalia, nikasingizia vumbi. Ilikuwa masika, vumbi halikuwepo popote wilaya nzima.

Mhandisi akaanza kusema habari za hatua za kinidhamu na taratibu zake. Mama Holo akamkatiza bila kusimama.

"Baba, hayo mtaongea huko Bariadi. Sisi hatutaki mtu, tunataka wodi. Jengo hili linatibika?"

Mhandisi akasema linatibika, kwa kuchimba chini ya kuta kipande kwa kipande na kushusha msingi mpya mpaka kwenye udongo mgumu, lakini ni kazi kubwa ya mikono.

"Basi huyu kijana mtuachie."

"Wa nini?"

"Achimbe."

Kulwa aliondoka na sisi siku ile kwenda kuchukua nguo, akarudi. Hatua za kinidhamu zilifuata, zilikuwa barua, na barua sizihadithii. Kazi yenyewe ilikuwa mtaro. Wanachimba kipande kifupi chini ya ukuta, wanamwaga zege, wanaliacha lishike, wanaruka hatua chache, wanachimba kingine, ili ukuta usijue kwamba umebaki hewani. Mchoro waliofuata ni wa Mzee, niliuprinti upya kutoka kwenye nakala yangu, nikaupeleka mwenyewe. Nilimkuta Kulwa amezama mpaka mabegani, bila viatu, anapapasa udongo. Mama Holo amesimama juu yake na kijiti cha kupimia kina, anamwambia bado.

Masika yaliyofuata mbuga ilivimba kama kawaida yake, na ukuta ukabaki ukuta. Wodi ikafunguliwa. Kulwa alirudi ofisini na viganja vilivyobabuka, vinatoa majimaji juu ya kibodi. Nikafungua droo, nikampa poda ya watoto.

Tukasafisha templeti. Jina la marehemu nililifuta mimi, kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa nimemwomba ruhusa kimoyomoyo. Mahali pake tukaandika ANDIKA JINA LAKO, tukijua kwamba hakuna mchoraji anayeweza kuliruka hilo. Mwezi haukuisha zikatoka ramani zilizochorwa na Andika Jina Lako. Mhandisi aliniita, akaniwekea moja mezani.

"Na huyu?" akauliza. "Naye yuko Lagangabilili?"

Siku za mwisho za kazi yangu Mayu Nkamba alikuja Bariadi kwenye mnada, akapita ofisini kunisalimu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaangalia meza ya zamani ya mumewe. Nilimwona ana neno.

"Lile jina," akasema. "Mlilitoa?"

"Tulilitoa, mayu. Ilikuwa lazima."

"Ni sawa. Unajua watu walikuwa wakinionyesha. Shule ile ya mzee wako. Ofisi ile ya mzee wako, mpya hiyo. Nilidhani amezichora zamani, zimechelewa kujengwa. Mambo ya serikali huwa yanachelewa. Nilikuwa nikipita naziangalia. Ilikuwa inanipendeza."

Nilikuwa nimemzika mumewe mara mbili, na mara ya pili hata ubani sikuchangisha.

Kulwa alikuwa amesikia. Akageuza kioo cha kompyuta kikamwelekea Mayu, akafungua faili jipya kutoka kwenye templeti, lenye msingi wa Mzee peke yake. Upande wa kushoto pana orodha ya leya, ambayo mimi nilikuwa nimeacha kuisoma siku nyingi, kama mtu asivyosoma kalenda ya mwaka jana. Kuta. Milango. Umeme. Paa. Na chini kabisa, ile ya msingi, hakukuwa na neno msingi.

"Macho yangu hayafiki," Mayu Nkamba akasema. "Nisomee."

"Masunga," Kulwa akasoma. "Niliibadilisha nilipotoka kuchimba. Jengo lolote tunaloanza, msingi unachorwa kwenye leya hii. Mtu asipoishika leya ya Mzee, hana msingi."

"Na mwingine akija akaifuta?"

"Haifutiki. Leya ikishakuwa na kitu ndani, programu inakataa."

"Jaribu."

Kulwa akaichagua, akabonyeza kitufe cha kufuta. Mashine ikalia, ikatoa kisanduku cha maneno ya Kiingereza, ikakataa. Mayu Nkamba akamwambia ajaribu tena. Ikakataa tena. Akaegemea kiti, akacheka kicheko kile cha zamani nilichokuwa nimekisahau, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Wabeja," akamwambia Kulwa. Ahsante.

Akasimama, akaweka mkoba begani, akasogea tena karibu na kioo na kuinyooshea kidole ile orodha.

"Na hii ya juu yake ni nini?"

"Hiyo ni paa, mayu."

"Sawa," akasema. "Muacheni huko huko chini. Huko juu anaogopa."